Slaidi au Picha za Kurasa?

Shangazi yangu wa Tanga ana kijitabu cha mapishi cha kurasa 24, amekihifadhi kama PDF. Aliponiomba nikiweke kwenye tovuti ya kikundi chao cha akina mama, alieleza anachotaka bila istilahi yoyote: “Mwanangu, mtu akifungua asiambiwe apakue faili kwanza. Kurasa zimpitie moja moja, kama picha za harusi.”

Watengenezaji wa tovuti huliita jambo hilo onyesho la slaidi. (Wapo wanaosema onesho, kwa hoja kwamba kuonya ni jambo jingine, mimi nimezoea onyesho.) Neno slaidi tulikuwa nalo kabla kompyuta hazijaenea. Katika maabara za shule ni kile kipande cha kioo kinachowekwa chini ya hadubini. Katika kumbi za mihadhara kilikuwa kipande cha filamu ndani ya fremu ndogo, kikisukumwa mbele ya taa ya projekta. Filamu ya Kodachrome ya kupigia slaidi za milimita 35 iliingia sokoni mwaka 1936. Kwa Waingereza, jina limetokana na kule kuteleza kwa kipande kikiingia mahali pake. Sisi tulichukua jina, mtelezo ukabaki kwao. Kisha programu kama PowerPoint, iliyotoka mwaka 1987, zikalipa neno maana nyingine: ukurasa uliotungwa makusudi ili utazamwe ukutani, wenye maneno machache na herufi kubwa.

Hapo ndipo neno linapompwaya shangazi. Ukurasa wake ni wa kitabu, wa A4, umejaa vipimo vya unga na nazi. Haukutungwa uwe slaidi, na kuuita hivyo kunaficha kinachoupata njiani.

PDF, iliyotolewa na Adobe mwaka 1993 na kufanywa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2008, kwa asili yake si picha. Ndani yake mna maagizo: weka herufi hii hapa, kwa fonti hii; chora mstari kutoka hapa hadi pale. Ili kurasa zipite kama picha za harusi, programu husoma maagizo hayo, ikayatekeleza, na kuacha nyuma yake pikseli tupu. Herufi ya “k” haiwi tena “k”. Ni madoa meusi yaliyokaa kwa umbo la k.

Madoa hayo yawe mangapi? Inchi moja ya PDF ina pointi 72, na ukurasa wa A4 una upana wa pointi 595 na urefu wa 842. Ukiugeuza kwa nukta 72 kwa inchi, unapata picha ya pikseli 595 kwa 842, na msomaji akiikuza kwenye simu herufi zinafifia. Kwa nukta 150 picha inafikia pikseli 1240 kwa 1754. Vipimo vya unga vinasomeka, ingawa bando la msomaji linaliwa zaidi. Kipimo hiki cha nukta kwa inchi nimekiona kwenye menyu za programu kikiitwa azimio. Tafsiri hiyo inaniuma. Azimio ni uamuzi wa watu waliokutana, kama Azimio la Arusha la 1967. Nukta hazikutani kuamua kitu. Zinasongamana, na msongamano wa nukta ndilo jina ningependa tulizoee. Nilihifadhi picha kwa muundo wa PNG, kwa kuwa JPEG huacha kama vumbi kandokando ya herufi, ingawa kwa picha ya sahani ya pilau hiyo JPEG ingetosha na ingekuwa nyepesi.

Nilipomaliza nilitafuta neno “iliki” kwenye tovuti. Halikupatikana hata mara moja, na iliki imo karibu kila ukurasa wa vitamutamu. Programu zinazowasomea wasioona kwa sauti nazo hufika kwenye picha zikakosa cha kusoma, mwenye tovuti asipoiandikia maelezo. Basi nikaketi siku mbili nikiandika chini ya kila picha mapishi yake kwa maneno, na PDF yenyewe nikaiacha hapo kwa anayetaka kuichapisha.

Ndiyo maana nataka neno “picha” liwemo kwenye jina. Tuna picha mnato, iliyonata mahali pake, tofauti na picha za sinema. Kila ukurasa wa shangazi umekuwa picha ya namna hiyo. Slaidi ibaki kwa mwalimu na mhadhiri. Hili la kwetu ni onyesho la picha za kurasa, na anayelitamka hivyo anakumbushwa hapo hapo kwamba maandishi yametoka na yanapaswa kurudishwa.

Kwenye tovuti nimeweka vitufe viwili: “Tazama picha za kurasa” na, chini yake, “Soma maandishi”. Shangazi amevipitia, akaomba hicho cha pili kiwekwe juu, kwa sababu dada yake macho yamepungua nguvu na siku hizi simu ndiyo inayomsomea.