Mwaka wa Msingi na Udahili wa Moja kwa Moja

Kwa miaka mingi kijana wa Zambia ameingia chuo kikuu akitoka darasa la 12, bila kupita kidato cha tano na cha sita kama mwenzake wa Tanzania. Basi aliyefaulu vizuri kule Nchelenge, ufukweni mwa Ziwa Mweru, hutakiwa kuamua mapema. Je, aanze na mwaka usiomfunga kwenye taaluma moja, au aombe shahada ya biashara tangu mwanzo? Jina la kila njia lina uzito hapa, kwa sababu jina baya humpotosha anayechagua.

Njia ya pili haisumbui. Neno "udahili" limezoeleka, na "udahili wa moja kwa moja" linaeleweka na yeyote. Pa kuangalia ni pale anapodahiliwa. Ukisema "shule ya biashara", wengi watafikiria sekondari yenye mchepuo wa biashara. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutumia "Shule Kuu", nami naona "Shule Kuu ya Biashara" inaifaa vilevile ile ya Chuo Kikuu cha Copperbelt, kilichoanzishwa Kitwe mwaka 1987.

Ugumu uko kwenye njia ya kwanza. Wengi huiita "masomo ya jumla". Mtanzania akisikia hivyo hukumbuka GS (General Studies), somo la nyongeza lililosomwa kwa miaka mingi pembeni ya tahasusi. Mfanyabiashara naye anajua kuwa jumla ni kinyume cha rejareja. Baya zaidi, jina hilo humfanya mzazi adhani mwanawe amewekwa huko kwa kuwa amekosa pa kwenda.

Tazama Chuo Kikuu cha Zambia, kilichofunguliwa Lusaka mwaka 1966. Kwa muda mrefu waliotaka udaktari au uhandisi wamepitia kwanza Sayansi Asilia, wakasoma hisabati, fizikia, kemia na baiolojia, kisha wakagombea nafasi chache kwa alama za mwaka huo. Hapo hakuna ujumla wowote. Ni mwaka wa msingi wenye mchujo, na napendekeza tuuite hivyo, neno "mchujo" likiwemo. "Masomo ya jumla" tuyaachie vyuo vya Marekani ambako mwanafunzi huonja historia, uandishi na uchumi kabla ya kuchagua, ingawa hata huko baadhi ya shule kuu za biashara huwachuja upya wanaotaka kuhamia.

Mchujo huo una gharama, na Nchelenge wanaihisi. Uvuvi hufungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, na mara nyingi matokeo ya darasa la 12 hutoka mwanzoni mwa mwaka, wakati nyumba inayotegemea uvuvi haina mapato. Mwaka mmoja chuoni usiofikisha mahali ulipokusudiwa ni mzigo mkubwa kwa nyumba kama hiyo. Aliyekwisha kuamua kuwa mhasibu, mimi ningemshauri aende moja kwa moja Kitwe.

Lakini simshauri hivyo kila mtoto wa mchuuzi wa samaki. Kuna binti anayehesabu magunia sokoni Kashikishi kwa wepesi wa ajabu, kumbe kinachomvuta ni kemia. Shahada ya biashara itamfungia mlango wa maabara tangu wiki ya kwanza, na kuufungua tena huenda kukamlazimu kuomba upya na kuanza mwaka wa kwanza mara ya pili. Huyo anahitaji mwaka wa msingi. Kabla ya kusaini aulize ofisi ya udahili nafasi ni ngapi baada ya mchujo, asiyepita hupelekwa wapi, na kama mkopo wake utamfuata huko.