Barua Iliyoandikwa Maporomokoni

Tarehe 18 Julai 1890, Mmarekani mweusi aitwaye George Washington Williams alimwandikia barua ya wazi Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji asiyewahi kukanyaga Kongo. Aliiandikia hapa Kisangani, wakati huo Stanley Falls, kwenye maporomoko ambako Wagenia wanatega samaki hadi leo.

Mwaka uliotangulia Williams alikutana na mfalme huyo Ubelgiji, akatoka akimsifu. Hakuwa wa kwanza kuvutwa. Tangu mkutano wa wanajiografia wa mwaka 1876 mjini Brussels, Leopold alijitangaza kuwa mfadhili wa Waafrika na adui wa utumwa. Huko Washington mtu wake, Henry Sanford, aliwabembeleza wakubwa mpaka Aprili 1884 Marekani ikaitambua bendera ya Leopold ya Kongo, ya bluu yenye nyota. Kazi ya namna hiyo leo ina ofisi na vyuo vyake. Tunaiita uhusiano wa umma.

Williams alipanda Mto Kongo akajionea. Aliandika kwamba serikali ya mpinga utumwa ilinunua watumwa wenye nguvu kwa pauni 3 kila mmoja, iwatie jeshini. Akasimulia pia hila walizofanyiwa machifu: mzungu alificha betri ndani ya koti, utepe uliounganishwa nayo ukapita kiganjani, na chifu alipopewa mkono alishtuliwa hadi akaamini amekutana na nguvu zisizo za kawaida. Hapo ndipo ninaposimama kila ninapoisoma habari hii. Ulaya iliuziwa huruma. Wenye nchi waliuziwa uchawi, na muuzaji ni yuleyule.

Barua ilipochapishwa, magazeti ya Brussels hayakuanza na watumwa wala betri. Yalitilia shaka cheo cha kanali alichokitumia Williams. Wakuu wa dola ya Leopold huko Kongo wakatoa ripoti ya kurasa 45 kujitetea. Agosti 1891 Williams akafa Blackpool, Uingereza, akiwa na miaka 41, na kelele zikatulia.

Zilirudi mwaka 1904, kwa ripoti ya Roger Casement, konseli wa Uingereza huko Kongo, na chama cha E. D. Morel cha kupinga utawala wa Leopold. Leopold akamlipa wakili Henry Kowalsky amtetee Marekani. Barua zao zikaangukia mikononi mwa gazeti la Hearst, tajiri wa magazeti wa Marekani, nalo likazichapa Desemba 1906. Miaka miwili baadaye Leopold aliikabidhi Kongo kwa Ubelgiji.

Williams alikuwa amemwambia mfalme kwamba jina la Stanley, mpelelezi aliyemtumikia Leopold Kongo, likitajwa, watu wa huku hutetemeka. Mji huu uliitwa Stanleyville hadi 1966.