Katarina wa Siena: Mamlaka ya Kiroho Pasipo Cheo
Katarina wa Siena (1347–1380) hakuwa na cheo katika Kanisa wala serikalini. Akiwa mlei aliyefungamana na Wadominiko, alidumu katika sala, akauguza wagonjwa, na kuwaandikia watawala barua kupitia makarani. Mwaka 1376 alifika Avignon kumsihi Papa Gregori XI arejee Roma. Papa alirejea Januari 1377, ingawa nia hiyo alikuwa nayo tangu awali. Mwaka uliofuata Kanisa liligawanyika chini ya mapapa wawili. Katarina alifariki Roma mgawanyiko huo ukiendelea. Kuupima mfano wake kwa matokeo ya kisiasa pekee ni kuupunja: uzito wake umo katika kuwaambia wenye mamlaka ukweli pasipo kujitafutia makuu.