Gari la Jeshi Lililoishia Ufukweni: Historia ya Magari ya Kukodi Visiwani Karibi

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Jeshi la Uingereza lilikuwa linatafuta gari dogo na jepesi, la kudondoshwa kutoka angani kwa miavuli na kuondoka mbio mara tu linapogusa ardhi. Kampuni ya British Motor Corporation ilikuwa na mhandisi wa kazi hiyo: Alec Issigonis, mzaliwa wa Izmir, ambaye wakati huo alikuwa anakamilisha gari la Mini. Issigonis alichukua injini, gia na magurudumu ya Mini, akavifunga kwenye mwili wa bati usio na paa wala milango. Ubavuni liliwekwa sanduku refu la chuma kila upande, na basi. Magari hayo yangeweza hata kupakiwa ndegeni moja juu ya jingine. Jeshi likalijaribu, likalikataa. Magurudumu yake ya inchi 10 yalikuwa madogo mno, na tumbo lake lilikaribia sana ardhi, hata jiwe la kawaida barabarani liliweza kulikwamisha.

Gari hilo ni Mini Moke. Askari walilikataa, lakini watalii walilipenda, na katika visiwa vya Karibi likawa gari la likizo ambalo hakuna jingine lililofikia umaarufu wake.

Raia walianza kuuziwa Moke mwaka 1964, kwa pauni 405. Mnunuzi alipata kiti kimoja tu, cha dereva. Aliyetaka viti vya abiria, vishikio au kifaa cha kumwagia maji kioo cha mbele alilipa zaidi. Mwanzoni lilitoka kwa rangi moja, kijani. Kwa mvua na baridi ya Uingereza, gari lisilo na milango halikuwa na wateja wengi, na mwaka 1967 mamlaka za kodi zikazidi kulibana kwa kuliondoa kwenye kundi la magari ya kazi na kulitoza kodi kama gari la abiria. Mwaka uliofuata kiwanda kikaacha kulitengeneza nchini humo. Yalikuwa yametoka zaidi ya magari 14,500, na takribani sehemu moja ya kumi tu ndiyo iliyobaki Uingereza. Mengine yote yalipakiwa melini kwenda kwenye jua. Utengenezaji ulihamia Australia, kisha Ureno, ambako ulikoma mwaka 1993.

Biashara yenyewe ya kukodisha magari ilianzia mbali na bahari. Mwaka 1916 Joe Saunders wa Omaha, katikati ya Marekani, alianza kukodisha gari lake la Ford Model T kwa senti 10 kila maili, akihesabu maili kwa kifaa alichokifunga kwenye gurudumu la mbele. Miaka miwili baadaye kijana Walter Jacobs alifungua biashara kama hiyo Chicago akiwa na magari 12, na mwaka 1923 akaiuza kwa John Hertz. Wateja wa enzi hizo hawakuwa watalii. Walikuwa wachuuzi waliosafiri kwa treni, wakashuka stesheni na kuhitaji gari la kuzungukia wateja wao.

Aliyebadilisha mambo ni Warren Avis, rubani aliyetumikia Jeshi la Anga la Marekani katika Vita Kuu ya Pili. Kero yake ilikuwa moja: kila aliposhuka kwenye ndege, hakukuwa na gari uwanjani. Mwaka 1946 aliweka dawati na magari machache katika uwanja wa Willow Run, karibu na Detroit. Wazo hilo ndilo lililozifaa nchi za visiwa, ambako mgeni hawezi kufika na gari lake hata akitaka.

Zaidi ya muongo mmoja baada ya hapo, siasa na teknolojia vikasukumana. Ndege za jeti za abiria zilianza kuvuka Atlantiki mwaka 1958. Mwaka 1959 mapinduzi yaliiondoa serikali ya Batista nchini Kuba, na Januari 1961 Marekani ikavunja uhusiano wa kibalozi na Havana. Kabla ya hapo, Havana ndiyo iliyokuwa kivutio kikuu cha Wamarekani waliofuata jua. Sasa umati huo ukaelekea San Juan, Nassau, Montego Bay na Saint Thomas. Kila kisiwa kilichokuwa na uwanja wa ndege kikahitaji hoteli, teksi na magari ya kukodi.

Hapo ndipo Moke likapata kazi yake. Huko Barbados na Antigua mwenye karakana hakuhitaji mafunzo mapya, kwa maana aliyeweza kutengeneza Mini aliweza kutengeneza Moke. Mchanga ulioingia na miguu ya wageni ulisafishwa kwa ndoo ya maji. Nguo za kuogelea zilizolowa hazikuharibu kitu, kwani hakukuwa na kitambaa cha maana cha kuharibika. Mvua ya ghafla ilipokuja, dereva alivuta turubai au alipaki chini ya mti hadi ipite. Injini ya sentimita za ujazo 848 haikuwa na mbio, na hilo lilikuwa jambo jema kwenye barabara zilizopita kati ya kuta mbili za miwa. Gari lililoshindwa mtihani wa jeshi likapata kazi ufukweni.

Wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki waliowahi kufika Ushelisheli huenda wanalikumbuka. Baada ya uwanja wa ndege wa Mahé kufunguliwa mwaka 1971, visiwa hivyo navyo vilijaza Moke za kukodisha.

Lakini gari ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni barabara, na huko Barbados barabara hazikuchorwa kwa ajili ya watalii. Kisiwa kina kilomita za mraba 430 hivi, na karibu kila kipande chake kiliwahi kuwa shamba la miwa lililolimwa na Waafrika waliofanywa watumwa. Barabara nyembamba za ndani zinafuata njia za mikokoteni iliyobeba miwa kwenda viwandani. Ndiyo maana zinapinda ghafla bila sababu inayoonekana. Msimu wa mavuno matope kutoka mashambani huteleza kwenye lami, na kabla ya mavuno miwa huwa mirefu kiasi cha kuficha njia panda. Kulikuwa pia na reli kutoka Bridgetown hadi pwani ya mashariki, iliyofunguliwa mwaka 1881 na kufungwa mwaka 1937. Wakati huo wakazi wa mjini walipanda treni kwenda kupumzika Bathsheba. Mgeni wa leo anakwenda huko huko kwa gari la kukodi, akishuka vilima vikali kuelekea mawimbi ya Atlantiki.

Mgeni huyo akitoka uwanja wa ndege wa Grantley Adams kuelekea mjini hupita barabara kuu ya ABC, iliyopewa jina kwa herufi za mwanzo za wanasiasa watatu: Adams, Barrow na Cummins. Barabara hiyo ina vipilefti vingi, na kimoja kimepewa jina la Everton Weekes, bingwa wa kriketi. Katika kipilefti cha Haggatt Hall kimesimama kitu ambacho hakuna dereva asiyekiona: sanamu ya shaba ya mwanamume kifua wazi, ameinua mikono, minyororo iliyokatika ikining'inia kwenye vifundo vya mikono yake. Ni kazi ya msanii Karl Broodhagen, iliyozinduliwa mwaka 1985 kuadhimisha ukombozi wa watumwa. Wenyeji humwita Bussa, kwa heshima ya kiongozi wa uasi uliolipuka Aprili 1816. Ni jambo la maana kwamba mtu anayeshuka kwenye ndege akiwaza bahari tu anaweza kujikuta akimzunguka Bussa kabla ya kufika hotelini.

Serikali ya Barbados iliamua mapema kwamba gari la mgeni litambulike. Namba za magari ya kukodi huanza na herufi H, wakati teksi zina Z, na mabasi madogo ya abiria, yenye hekaheka kama za daladala za Dar es Salaam, yana ZR. Magari ya watu binafsi hubeba herufi ya wilaya ya mwenye gari. Mwenyeji akiona H mbele yake anajua dereva huenda akasita kwenye kipilefti au akasimama ghafla kutazama bahari, na anampa nafasi.

Kisha kuna karatasi. Katika visiwa vingi vilivyotawaliwa na Waingereza, leseni ya kwao haimtoshi mgeni, anatakiwa kununua kibali cha muda. Barbados kwa miaka mingi ilitoza dola 5 za Marekani, Antigua 20. Wapo wanaokiona kibali hicho kama usumbufu wa bure, kwa sababu hakuna anayepimwa macho wala kuulizwa alama za barabarani. Mtazamo huo si wa haki. Nchi yenye watu laki kadhaa, inayopokea wageni wengi kuliko wakazi wake, ina kila sababu ya kudai kwamba anayetumia barabara zake achangie kidogo.

Upande wa kuendesha nao una historia yake. Barbados, Jamaika, Antigua, Grenada na jirani zao huendesha kushoto, usukani ukiwa kulia. Dereva wa Mombasa au Tanga angejiona yuko nyumbani, kwa kuwa dola iliyoweka kanuni hiyo ni ile ile. Anayetoka Bujumbura, Kigali au Goma angefaa zaidi Martinique na Guadeloupe, ambako Ufaransa ni mwenye nyumba na magari yanakwenda kulia.

Ajabu iko Visiwa vya Virgin vya Marekani. Denmark iliiuzia Marekani visiwa hivyo mwaka 1917 kwa dola milioni 25 za dhahabu. Watu walikuwa wamezoea kupita kushoto, na Marekani haikubadilisha. Lakini magari yalikuja kutoka Marekani bara, yenye usukani wa kushoto. Hadi leo Saint Thomas, Saint John na Saint Croix ndiko mahali ambapo dereva hukaa upande wa ukingo wa barabara badala ya katikati, chini ya bendera ya Marekani. Kulipita lori ni kazi ya watu wawili: dereva haoni mbele, abiria ndiye anayechungulia na kusema kama njia ni nyeupe. Kampuni za kukodisha hubandika kwenye dashibodi karatasi ya kumkumbusha mgeni akae kushoto. Saint John haina uwanja wa ndege, kwa hiyo jeep za kukodi huvushwa kwa pantoni kutoka Red Hook hadi Cruz Bay.

Puerto Rico, magharibi mwa visiwa hivyo, inaendesha kulia kama Marekani bara, ila alama za umbali zimeandikwa kwa kilomita na za mwendo kwa maili. Mgeni anayesoma haraka anaweza kuponzwa.

Wapo pia wageni wasiokodi gari kabisa. Mwaka 1981 Gordon "Butch" Stewart alifungua hoteli ya Sandals huko Montego Bay, Jamaika, akasambaza mtindo wa kulipia kila kitu kabla ya safari: chakula, vinywaji, michezo. Mgeni wa namna hiyo hana sababu ya kutoka getini. Ukilinganisha na hali hiyo, gari la kukodi ni la manufaa makubwa kwa watu wa kawaida wa kisiwa. Huko Barbados, anayelikodi hula samaki wa kuchoma Oistins Ijumaa usiku, hununua soda kwenye duka la mabati la Saint Andrew, hujaza mafuta kijijini. Fedha yake hufika pasipo na uzio wa umeme wala mlinzi.

Moke lilipozeeka, nafasi yake ilichukuliwa na Suzuki Jimny, na magari ya mitumba ya Japani yakajaa mitaani kwa sababu ile ile iliyoyaleta Mombasa na Dar es Salaam: usukani uko kulia na bei ni nafuu. Katika miaka ya karibuni Moke limerudi, safari hii likiendeshwa kwa betri. Barbados, yenye urefu wa kilomita 34 hivi, haihitaji betri kubwa, na serikali imetangaza shabaha ya kuacha mafuta ya visukuku.

Ili kuelewa jinsi visiwa vinavyoweza kulidhibiti gari, inafaa kupanda kaskazini hadi Bermuda, nje ya Karibi, katika Atlantiki. Mwaka 1908 bunge la huko lilipiga marufuku magari kabisa, baada ya baadhi ya wageni waliokipenda kisiwa kuomba kiachwe na utulivu wake. Miongoni mwa waliotia saini ni mwandishi Mark Twain na Woodrow Wilson, rais wa baadaye wa Marekani. Watu waliendelea na farasi na baiskeli, na mwaka 1931 ikaja reli. Marufuku ilifutwa mwaka 1946, lakini kwa masharti: kila kaya iwe na gari moja tu, lisizidi ukubwa uliowekwa, na mwendo uwe wa taratibu. Mgeni hakuruhusiwa kukodi gari hata moja. Alipewa pikipiki ndogo, na kwa miongo mingi hospitali ya huko imepokea watalii waliochubuka magoti na viwiko.

Mwaka 2017 Bermuda ikalegeza kidogo. Sasa mgeni anaweza kukodi kigari cha umeme kama Renault Twizy, chenye viti viwili, kimoja mbele na kingine nyuma. Gari la kawaida la kukodi bado haliruhusiwi.