Kufikia vidhibiti vya fomu kutoka klasi nyingine

Windows Forms ni maktaba ya Microsoft ya kutengeneza madirisha ya programu za kompyuta, iliyotolewa mwaka 2002 pamoja na .NET Framework. Kila dirisha, yaani fomu, ni klasi. Vitufe, visanduku vya maandishi na vidhibiti vingine ni sehemu za klasi hiyo. Katika lugha ya C#, Visual Studio huvitangaza kuwa private, hivyo klasi nyingine haiwezi kuvifikia. Katika Visual Basic hutangazwa Friend na huonekana katika mradi mzima.

Wanaoanza mara nyingi hubadilisha private kuwa public, kisha huandika new Form1() ndani ya klasi ya pili. Programu haitoi kosa lolote, lakini maandishi kwenye skrini hayabadiliki. Amri hiyo imeunda fomu nyingine ambayo haijaonyeshwa, na ndiyo iliyobadilishwa. Klasi ya pili inapaswa kupewa fomu ileile iliyo wazi, kwa kawaida kupitia konstrukta yake, kwa neno this. Afadhali zaidi klasi itangaze tukio, na fomu yenyewe ibadilishe vidhibiti vyake. Hapo klasi hiyo hutumika hata pasipo dirisha.

Kazi ikiendeshwa katika uzi mwingine, mabadiliko hupitishwa kwa Invoke, kwa sababu kidhibiti hubadilishwa na uzi uliokiunda tu.