Beringi na Mgawanyo wa Mzigo Wake: Historia Fupi na Suala la Istilahi

Katika karakana za Buyenzi, mtaa wa Bujumbura unaofahamika kwa Kiswahili chake na kwa mafundi wake wa magari, neno beringi hutaja vitu viwili: kile chenye gololi kinachozungusha gurudumu, na ganda laini la metali linaloshika krenkishafti juu ya utando wa oili. Mhandisi aliyesomeshwa kwa Kifaransa ana maneno mawili, *roulement* na *coussinet*. Makala haya yanadai kuwa tofauti hiyo imo ndani ya hesabu yenyewe.

Mwaka 1883 Beauchamp Tower alikuwa akichunguza beringi za ekseli za mabehewa nchini Uingereza. Alitoboa tundu la kutilia oili, akalifunga kwa kizibo cha mbao; oili ikakisukuma nje. Alipofunga geji, shinikizo lilizidi maradufu wastani wa mzigo. Osborne Reynolds akaeleza jambo hilo kwa mlinganyo mwaka 1886. Upande wa gololi, Mjerumani Richard Stribeck alionyesha mwaka 1901 kwamba gololi iliyo chini kabisa hubeba takribani mara tano ya mzigo uliogawanywa kwa idadi ya gololi zote. Zikiwa kumi, hiyo moja imebeba nusu.

Mbinu ya elementi finiti, iliyopewa jina na Ray Clough mwaka 1960, hukikata kifaa katika vipande vingi vidogo, lakini haimwambii mtumiaji mzigo umelalaje. Chukua mzigo wa kilonyutoni 10, kipenyo cha milimita 50 na upana wa milimita 40. Ukiutandaza sawasawa juu ya nusu duara, shinikizo ni megapaskali 5 kila mahali. Ukiufuatisha umbo la kosini, unaofifia hadi sifuri pembeni, kilele hufika 6.4. Kwenye utando wa oili kilele huhama pia kutoka mstari wa mzigo. Kwenye gololi hakuna utandazo, bali vituo vichache vilivyoelemewa. Agizo la “kusambaza mzigo kwenye beringi”, basi, halijasema lolote.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na leo inamiliki pamoja na Rwanda na Tanzania mtambo wa umeme wa Rusumo wa megawati 80. Fundi mwenye istilahi za Kifaransa na mwenzake mwenye istilahi za Kiingereza watakutana kwenye Kiswahili, na humo watalikuta neno moja. Sioni faida ya kubuni neno jipya kama “kibebeo”. Nalo lingevifunika vyote viwili. Napendekeza *beringi ya gololi* na *beringi ya utando*, pamoja na *mzigo mtawanyo sawa* na *mzigo mtawanyo badilifu*. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ikizipokea, kila istilahi ichapishwe na mchoro wa mgawanyo wake, na mafundi wa Buyenzi waulizwe kabla ya kamusi kufungwa.