Suti ya Kuazima

Mwaka 2006 Richard Donner, mwongozaji wa filamu ya Superman ya 1978, alishirikiana na Geoff Johns, aliyewahi kuwa msaidizi wake, kuandika mkasa wa katuni uitwao Last Son. Humo anarudi Jenerali Zod na wafuasi wake wawili, Ursa na Non. Zod alikuwamo kwenye katuni tangu 1961, lakini Ursa na Non walibuniwa kwa ajili ya filamu. Iliwachukua karibu miaka thelathini kutoka kwenye skrini na kuingia kwenye karatasi.

Tumezoea kudhani katuni hutangulia na filamu hufuata. Kumbe njia hiyo hupitika pande zote mbili, na ilipita hata kwetu Arusha. Kinachonishughulisha ni jambo moja: shujaa anapotoka kwenye filamu kuingia kwenye hadithi ya picha, anabaki na nini, na anavuliwa nini?

Tuanzie Momella, chini ya Mlima Meru. Mwishoni mwa 1960 Howard Hawks alifika huko na John Wayne kutengeneza Hatari!, filamu ya watu wanaokamata wanyama hai na kuwauza kwenye bustani za wanyama. Kazi iliendelea hadi miezi ya mwanzo ya 1961. Desemba mwaka huo Tanganyika ikapata Uhuru, na filamu ikaonyeshwa 1962. Yaani ilipigwa chini ya bendera moja, ikatazamwa chini ya nyingine. Jina lake ni la Kiswahili, mlima ni wetu, na mwishoni tembo wadogo wanakimbizana katika mitaa ya Arusha. Lakini mashujaa wote wametoka ng'ambo. Waafrika wanashika kamba na kupokea amri. Mwaka 1963 kampuni ya Dell ya Marekani ikaigeuza filamu hiyo kuwa kitabu cha katuni, na shujaa akabaki yuleyule. Hakuvuliwa kitu.

Muongo huohuo akaja mtu mwingine. Sean Connery alikuwa ameanza kumwigiza James Bond mwaka 1962 katika Dr. No. Muda si mrefu jarida lililoitwa African Film likaanza kuuzwa Afrika Mashariki na Magharibi. Halikuwa na michoro. Waigizaji walipigwa picha tukio kwa tukio, kisha maneno yao yakaandikwa juu ya picha, hivyo ukawa na sinema ya kutia mfukoni. Shujaa wake, Lance Spearman au Spear, alivaa suti, tai ya kipepeo na kofia, akavuta sigara kubwa, akapambana na majambazi wenye mitambo ya ajabu. Kila alichokuwa nacho Bond, Spear alikuwa nacho. Tofauti ni kwamba alikuwa Mwafrika, na waliomzunguka, wema kwa wabaya, walikuwa Waafrika.

Baba yangu mdogo alikuwa mwanafunzi wa sekondari hapa mjini miaka hiyo. Anasema nakala moja ilisomwa na darasa zima, mpaka kurasa zikaachana. Nilipomuuliza walimpendea nini, alinijibu kwa sentensi moja: "Hakumwita mtu yeyote bwana."

Jibu hilo lina uzito, hasa kwa mji uliotazamwa na dunia kupitia Hatari!. Lakini Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako. African Film ilikuwa mali ya Drum Publications ya Jim Bailey, mtoto wa tajiri wa madini wa Afrika Kusini, wakati serikali yetu ikiwa mstari wa mbele kuitenga nchi hiyo. Spear aliweza kumshinda kila jambazi, ila ubaguzi wa rangi haukuwamo kwenye orodha ya adui zake. Tena mwaka 1967 Azimio la Arusha likatangaza siasa ya Ujamaa na Kujitegemea, na kuwataka viongozi waachane na hisa, mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Kijana wa Arusha alisoma Azimio mchana, na usiku akamsoma mtu wa magari ya kifahari. Siamini alikuwa mnafiki. Azimio lilimweleza namna ya kuishi na wenzake. Spear alimwonyesha mtu mweusi asiyeogopa. Alivihitaji vyote viwili.

Kilichofuata ndicho kinachonipa moyo. Faraji Katalambulla, mwandishi wa Simu ya Kifo, alianzisha Film Tanzania, jarida la hadithi za picha kwa Kiswahili. Sasa shujaa alibadilishwa na lugha. Kisha Elvis Musiba akamleta Willy Gamba, mpelelezi mwenye madaha yote ya Bond na Spear. Katika Kufa na Kupona, iliyotoka 1974, nyaraka za siri za Kamati ya Ukombozi ya Afrika zinaibwa Dar es Salaam, naye anatumwa kuzifuata Nairobi. Riwaya haina picha hata moja, lakini ndiyo iliyompa shujaa kitu ambacho Spear hakuwahi kupewa: sababu ya kupigana.

Basi kuazima kwenyewe hakuna aibu. Hata Superman, mwenye utajiri wote ule, aliazima kutoka kwenye filamu yake mwenyewe. Dell ilinakili kila kitu. Spear alibadili sura, Katalambulla akabadili lugha, Musiba akabadili vita. Ilichukua zaidi ya miaka kumi na mikono ya watu wengi mpaka suti ya mtu mwingine ikatukaa. Ukimwona leo kijana wa Sakina au Usa River akichora shujaa mwenye joho la Marvel, usimcheke. Muulize shujaa huyo anapigana na nani.